Tembo Wawili, Bei Mbili



Majuma machache yaliyopita nilikwenda Miti kumjulia hali mjane mmoja, ambaye marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu tangu ujana wetu. Miti mwaijua: ni pale njia itokayo Bukavu inapogawanyika, moja ikifuata upande wa Kavumu na ziwa, nyingine ikipanda msituni kwa Kahuzi-Biega kuelekea Bunyakiri. Nilitumaini kukuta nyumba tulivu. Walakini nilikuta wana wawili wa marehemu wameketi mbali mbali, mkubwa huku na mdogo kule, wasitazamane. Na katikati yao, juu ya mkeka, mkebe wa maziwa ya unga.

“Mwalimu,” akasema mama, “umekuja saa njema. Watoto hawa wanakosana kwa ajili ya vichuma vya babu yao.”

Ndani ya mkebe mlikuwa na sarafu 14 za zamani, alizoziweka baba wa marehemu tangu siku za ukoloni. Mwana mkubwa alikuwa amekwisha kuzigawa: 7 kwake, na 7 kwa mdogo wake. “Je, Mwalimu,” akauliza, “saba na saba si sawa?” Mdogo wake akajibu kwa uchungu, “Hesabu ni sawa, lakini kaka amejichagulia nyeupe zote, akaniachia za njano. Mimi nina mtoto anayengoja malipo ya shule.” Zaidi ya hayo, mchuuzi mmoja alikuwa amepita, akataka kuzinunua zote kwa bei moja kwa kila sarafu, bila kutenga hii na ile, akawahimiza wakubali upesi kwa kuwa hatarudi tena.

Niliwaomba wasigawe wala wasiuze kitu kabla hatujazitazama vizuri. Tuliketi mchana kutwa juu ya mkeka ule, na kwa kuwa najua ya kwamba mikebe ya namna hii imo katika nyumba nyingi za nchi yetu, nimeona yafaa kuwaandikia ninyi nyote tuliyoyaona.

Jina moja, vitu viwili

Lugha yetu yenyewe yaweza kutupoteza. Neno “fedha” lina maana mbili: ni mali ya kununulia vitu, na tena ni madini meupe yachimbwayo ardhini. Zamani mambo hayo mawili yalikuwa karibu kitu kimoja, kwa maana sarafu kubwa ilikuwa fedha kweli, na thamani yake ilikuwa ndani ya mwili wake. Siku hizi siyo hivyo. Noti ni karatasi, na sarafu nyingi ni madini ya bei ndogo yaliyopigwa chapa.

Watu wa Kongo hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Katika mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1 ya Kongo. Aliyeweka noti chini ya godoro aliamka na karatasi. Lakini babu aliyeweka kipande cha fedha ndani ya mkebe, fedha yake haikuondoka. Serikali yaweza kuifuta hesabu iliyoandikwa juu ya sarafu; haiwezi kuyafuta madini yaliyomo ndani yake.

Basi sarafu ya zamani, hata kama benki haiipokei tena, yaweza kuwa na bei mbili. Ya kwanza ni bei ya mwili, yaani ya fedha iliyomo. Hiyo huonyeshwa na mizani. Ya pili ni bei ya uso, yaani jinsi sarafu ilivyohifadhika na jinsi ilivyo adimu; hiyo huonyeshwa na jicho. Mwenye kuuza bila kuzijua bei hizo mbili ni kama mtu auzaye ng’ombe gizani.

Tembo mweupe na tembo wa njano

Tulianza kuzitenga. Sarafu 12 kati ya zile 14 zilikuwa na picha ya tembo, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wamesikia ya kwamba “sarafu ya tembo” ni ya fedha, basi wadhani kila tembo ni wa fedha. Sivyo.

Wakati wa vita kuu ya pili Ubelgiji ulikuwa mikononi mwa Wajerumani, na sarafu za Kongo zikapigwa kwingine. Katika mwaka 1943 ilitoka sarafu ya faranga 2 yenye pembe sita, iliyopigwa Philadelphia huko Marekani. Ina tembo, lakini ni ya shaba ya njano. Baadaye zikatoka faranga 1, faranga 2 za mviringo, na faranga 5 za mwaka 1947. Zote zina tembo, na zote ni za shaba ya njano. Hamna hata chembe ya fedha ndani yake. Lakini mwaka 1944 ilipigwa sarafu kubwa ya faranga 50, na tembo wa sarafu ile ndiye mweupe. Uzito wake ni gramu 17.5, na nusu yake kamili ni fedha, yaani gramu 8.75. Zilipigwa sarafu 1,000,000.

Katika mkebe wa Miti mlikuwa na tembo weupe 5 wa mwaka 1944, na tembo wa njano 7. Zilizobaki mbili hazikuwa na tembo. Zilikuwa rupia za Wajerumani, zenye sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake. Jambo hilo si la ajabu kwetu, kwa maana ng’ambo ya ziwa, Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani mpaka mwaka 1916, na rupia ndiyo iliyokuwa fedha ya serikali yao.

Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 za mwili wake, sehemu 917 ni fedha. Maana yake, ina fedha gramu 10.69. Angalieni basi: rupia ni ndogo na nyepesi kuliko tembo mweupe, lakini ina fedha nyingi kuliko yeye. Ukubwa wa sarafu hausemi kweli daima.

Tukapiga hesabu pamoja. Kwa wepesi tulisema gramu moja ya fedha ni dola 1. Bei ya kweli hupanda na kushuka kila siku, na yapasa kuulizwa siku ya kuuza. Tembo weupe 5 wana fedha gramu 43.75. Rupia 2 zina gramu 21.38. Jumla ni gramu 65 na kidogo, yaani dola 65 kwa hesabu ile. Na tembo 7 wa njano? Fedha yao ni sifuri.

Kimya kiliingia nyumbani. Mwana mkubwa aliinamisha kichwa. Naamini kabisa hakukusudia kumdhulumu ndugu yake; alizipenda nyeupe kwa weupe wao tu. Lakini saba na saba zilikuwa dola 65 upande mmoja, na upande wa pili vipande vya shaba. Kuhesabu sawa si kugawa sawa.

Jinsi fedha ilivyopungua kidogo kidogo

Yafaa wanafunzi wajue ya kwamba serikali nazo zilipunguza fedha ndani ya sarafu, na sura ya nje ikabaki karibu ile ile. Tazameni nchi za jirani. Huko Kenya na Uganda watu walitumia rupia ya Bara Hindi, yenye fedha sehemu 917 katika 1000, kama rupia ya Wajerumani. Katika mwaka 1920, wakati bei ya fedha duniani ilipokuwa imepanda sana, Waingereza walileta florini mahali pa rupia. Uzito wake ulikuwa ule ule, gramu 11.66, lakini fedha ilikuwa nusu tu, sehemu 500. Florini haikukaa sana. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, yenye uzito wa gramu 7.8 hivi, na fedha yake ilikuwa robo tu, sehemu 250. Na tangu mwaka 1948 shilingi hiyo ilipigwa kwa shaba na nikeli, bila fedha yo yote.

Basi mtu akikuonyesha shilingi mbili zenye sura ya mfalme yule yule, George VI, moja ya mwaka 1946 na nyingine ya mwaka 1948, ya kwanza ina fedha karibu gramu 2, ya pili haina. Miaka miwili tu imezitenga. Ndiyo sababu yakupasa kuusoma mwaka kabla ya kutaja bei.

Nasi katika Kongo tulikuwa na sarafu za fedha nzuri zaidi kabla ya hizi. Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa chini ya Leopold II, ilipiga kati ya mwaka 1887 na 1896 sarafu za faranga 5, faranga 2, faranga 1 na santimu 50. Faranga 5 ilikuwa na uzito wa gramu 25, na sehemu 900 katika 1000 zilikuwa fedha. Ina fedha gramu 22.5, zaidi ya tembo weupe wawili pamoja. Ndogo zake zilikuwa na sehemu 835. Zilipigwa chache, na aliye nayo yo yote asiiuze kwa mizani kabla ya kumwuliza mwenye ujuzi.

Nakumbusha tena jambo moja ambalo wachimbaji wa dhahabu wa Kivu watalitambua. Wao hutaja uzito uitwao “tola”. Tola hiyo ni gramu 11.66, nayo ni uzito kamili wa rupia ya Bara Hindi. Kumbe rupia imekufa sokoni, lakini uzito wake ungali hai katika mizani ya wanunuzi wa dhahabu. Tulipoazima mizani kwa jirani, rupia moja ya Miti ilisimama sawasawa na tola yake.

Bei ya uso

Hata hapa tumezungumza mwili tu. Tuje sasa kwenye uso, ambako kuna faida kubwa na hasara kubwa.

Wazee wetu wa kando ya Ziwa Kivu walijua ya kwamba thamani si madini tu. Katika karne ya 19, kabla faranga hazijaja, watu wa magharibi ya ziwa, wa kisiwa cha Idjwi na wa Rwanda walifanya biashara kwa bangili za butega, zilizosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Ndani yake hamkuwa na fedha wala shaba, nazo zilinunua vitu. Hivyo na leo, kuna watu duniani wanaokusanya sarafu za zamani, si kwa kuziyeyusha bali kwa kuzitazama na kuzihifadhi. Hao hununua uso.

Mkusanyaji huitazama nini? Kwanza hutazama mahali palipoinuka juu, kwa maana hapo ndipo vidole na mifuko hula kwanza. Katika tembo atatazama sikio, paji la uso na ubavu. Katika rupia atatazama tai wa kofia na nywele za masharubu. Katika santimu za shaba zenye tundu katikati, za siku za Leopold, atatazama ncha za nyota na ukingo wa tundu. Kama mistari yote midogo ingali yaonekana, sarafu ni nzuri sana. Kama imelainika lakini picha na maandishi vyasomeka, ni ya kadiri. Kama picha imebaki kivuli tu, imechakaa, na bei yake yarudi karibu na bei ya mwili.

Tena atatazama mng’ao. Sarafu isiyopata kutumika ina mng’ao wa kuzaliwa: ukiigeuza polepole penye mwanga, nuru huzunguka juu yake kama mikono ya gurudumu. Sarafu iliyosuguliwa nayo hung’aa, lakini nuru yake hukaa mahali pamoja kama ya sufuria, na chini ya kioo cha kukuzia utaona mikwaruzo midogo isiyo na hesabu.

Sasa sikieni jambo la kushangaza. Kuchakaa huondoa fedha kidogo mno, lakini huondoa bei nyingi. Tembo mmoja wa Miti alikuwa amelika sana. Mizani ikasema gramu 17.2 badala ya 17.5. Amepoteza gramu 0.3, na nusu ya hizo ndiyo fedha, yaani gramu 0.15. Kwa hesabu yetu ya dola 1 kwa gramu, hiyo ni senti 15 za dola. Kwa mfua fedha, tembo huyo na tembo mpya ni ndugu. Lakini kwa mkusanyaji tembo mpya aweza kupata bei mara kadhaa kuliko yule aliyechakaa. Tofauti hiyo yote imo katika ngozi nyembamba ya juu.

Kosa la ndimu na majivu

Hapo mama akauliza kwa sauti ndogo, “Mwalimu, na zile nilizozisafisha?”

Alikuwa amesikia ya kwamba mchuuzi anakuja, akataka kuzipendeza. Akachukua majivu na ndimu, akasugua tembo watatu mpaka wakang’aa kama vijiko vya harusi. Wawili hakuwafikia, kwa sababu walikuwa wamefungwa ndani ya karatasi ya zamani, naye hakupata nafasi ya kuifungua.

Sikumlaumu, kwa maana nami nilifanya vile vile. Nilipokuwa mwanafunzi, mjomba wangu alinipa rupia ya mwaka 1911. Ilikuwa nyeusi-nyeusi, nami nikaona haya kuwa na sarafu chafu. Nikaisugua kwa mchanga wa mtoni na ndimu siku mbili nzima, mpaka tai wa Kaisari akawa kama kifaranga. Miaka mingi baadaye mzee mmoja mkusanyaji aliitazama kwa kioo chake, akanirudishia akisema, “Mwanangu, hii ulipewa ikiwa na ngozi, nawe umeichuna.” Akataja bei ya fedha tu, basi. Ningali ninayo, nami huwaonyesha wanafunzi wangu kama mwalimu aonyeshavyo kosa lake mwenyewe ubaoni.

Weusi ule si uchafu. Fedha ikikaa miaka mingi katika hewa yenye salfa, kama vile ya moshi wa nyumba zetu, juu yake hufanyika utando mwembamba sana. Utando huo umeushika uso wa sarafu. Ukiusugua, waondoka pamoja na uso wenyewe. Wakusanyaji wengi hupenda weusi huo ukiwa sawasawa, kwa kuwa ni ushahidi ya kwamba hakuna mkono uliocheza na sarafu. Kama kuna udongo, yatosha maji safi bila sabuni ya unga, bila brashi, kisha kukausha kwa kuikandamiza katika kitambaa laini, si kwa kufuta.

Na kosa la pili ni tundu. Rupia moja ya mkebe ule ilikuwa imetobolewa karibu na ukingo, kwa kuwa zamani ilivaliwa shingoni. Haikupoteza ila chembe ya fedha, lakini kwa mkusanyaji imepoteza sehemu kubwa ya bei yake. Sarafu iliyotobolewa, iliyochomelewa pete, au iliyochorwa jina la mtu, kwa kawaida huuzwa kwa bei iliyo karibu na ya mwili wake.

Uadimu na udanganyifu

Msidhani ya kwamba kila sarafu yenye mwaka wa mbali ni adimu. Reale ya Maria Theresa, iliyojulikana sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki na Uhabeshi, ina mwaka 1780. Karibu zote zina mwaka huo, hata zilizopigwa miaka 150 baadaye. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Bombay na hata Brussels, daima kwa mwaka ule ule. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha gramu 23.39. Ni sarafu ya heshima, lakini aisomaye 1780 akadhani ameshika mali ya miaka 240 na zaidi, mara nyingi amejidanganya.

Kinyume chake, sarafu isiyo na fedha yaweza kuwa na bei. Santimu ya shaba yenye tundu, ikiwa haijapata kutumika na bado ina wekundu wake wa kwanza, yaweza kuishinda bei ya kipande cha fedha kilicholika. Basi tembo wa njano wasitupwe. Wawekwe, watazamwe, na kama ni wazuri waulizwe bei kwa wakusanyaji.

Yupo na tembo mwingine ambaye watu humwota. Katika mwaka 1916, bahari ikiwa imefungwa na meli za adui, Wajerumani walipiga huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo mbele ya milima. Zilikuwa karibu 16,000 tu. Kwa sababu zinatafutwa sana, za uwongo ni nyingi. Mtu akikujia njiani na tembo wa Tabora kwa bei ya mbuzi, mwache aende na mbuzi wake.

Kwa wanafunzi, hii hapa njia ya kupima isiyoharibu kitu. Fedha tupu ni nzito kama mara 10 na nusu kuliko maji. Shaba nyekundu kama mara 9. Shaba ya njano kama mara 8 na nusu. Pimeni reale: ni gramu 28. Kisha wekeni chombo cha maji juu ya mizani midogo ya gramu, rudisheni hesabu kwenye sifuri, na mwitumbukize reale kwa uzi mwembamba mkiishika isiguse chini. Mizani itaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Reale ya kweli itaonyesha karibu gramu 2 na robo tatu. Ya shaba ya njano yenye uzito ule ule itaonyesha gramu 3.3. Hapo hapana haja ya kuikata wala kuiuma meno. Sumaku nayo ni msaada: ikiivuta sarafu, si ya fedha, lakini isipoivuta, bado haijathibitisha, kwa kuwa haivuti shaba pia.

Mambo ya kushika

Kabla ya kufunga, nawapa maneno machache ya kuwekwa moyoni na kila jamaa yenye mkebe.

Shikeni sarafu kwa ukingo, si kwa uso. Ziwekeni kila moja katika karatasi yake, mahali pakavu, mbali na moshi na mvua za milima yetu. Msizifunge kwa mpira, kwa maana mpira una salfa na huzichora weusi. Andikeni mwaka, uzito na aina ya kila moja katika daftari, na daftari hilo lijulikane na wote nyumbani, si na mmoja tu. Mkienda kuuza, pimeni ninyi kwanza, ndipo mumpe mnunuzi apime. Ulizeni bei ya fedha ya siku ile, na kumbukeni ya kwamba hutajwa kwa wakia ya gramu 31.1, si kwa gramu. Ulizeni watu wawili au watatu. Mnunuzi akitaja bei moja kwa sarafu zote bila kuzitenga, ama hajui, ama ajua sana. Na katika hali zote mbili msimwuzie. Na mnunuzi akikuhimiza kwa haraka, haraka ile ni yake, si yako.

Sasa mtauliza, wale ndugu wa Miti waliishiaje?

Walikaa kimya muda mrefu, kisha mwana mkubwa akazirudisha sarafu zake zote katikati ya mkeka. “Mama,” akasema, “hizi hazigawanyiki kwa vidole.” Wakakubaliana hivi: tembo watatu waliosuguliwa na rupia yenye tundu zitauzwa baada ya kuuliza bei, na malipo ya shule ya mtoto wa mdogo yatatoka humo kwanza. Tembo wa njano watagawiwa wajukuu, mmoja mmoja, wajue tembo wa njano ni nini. Na tembo wawili wa ndani ya karatasi, pamoja na rupia nzima, zitabaki kwa mama, zisiuzwe mpaka mtu mwenye ujuzi na asiye na haja ya kununua azitazame.

Kabla sijaondoka tuliifungua ile karatasi. Tembo wawili wa mwaka 1944 walitoka wazima, kila mstari wa masikio yao waonekana, na nilipowageuza mlangoni nuru ikazunguka juu yao. Mama akanyosha mkono kuchukua pindo la kitenge chake ili awafute vumbi. Wana wote wawili wakapiga kelele kwa sauti moja, “Mama, usifute!”

Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kusema neno moja pamoja.

Tuonane juma lijalo.